Mamamkwe Yuko Sebuleni

Shule zilifungwa Ijumaa. Jumatatu iliyofuata, jua lilipokuwa limeshapanda juu ya mabati ya mtaa wa Nakulabye, Kasujja alikuwa ameandika sentensi moja tu, na ndani ya sentensi hiyo mlikuwa na nyoka.

"Suubi," aliita. "Nani ameweka nyoka hapa?"

"Wapi, taata?"

"Hapa. 'Ushiriki wa wazazi katika masomo ya watoto nyoka wadogo hutegemea kipato.'"

Binti yake wa miaka sita alikuja akakitazama kioo cha kompyuta kama fundi aliyeitwa kukagua kazi yake mwenyewe. "Nilikuwa najaribu kama naweza kuliandika neno," alisema. "Nimeweza?"

"Umeweza. Lakini halitakiwi hapa."

"Kwa nini? Watoto wanapenda nyoka."

Kasujja alikuwa mwalimu wa sekondari aliyepewa ruhusa ya kwenda kusomea shahada ya uzamili katika chuo kikuu kilicho juu ya kilima. Ruhusa ilikuwa ya miaka miwili. Alikuwa ameshaombea nyongeza mara mbili, na mara ya pili karani alimpa kwa ncha za vidole, kama mtu anayempa mlevi chenji. Sasa ilikuwa imebaki Alhamisi ya wiki iliyofuata. Siku hiyo asiposimama mbele ya jopo kuitetea tasnifu yake, jina lake lingefutwa, naye angerudi kijijini kufundisha darasa lile lile, chini ya vijana aliowafundisha yeye.

Mada ya tasnifu ilikuwa namna wazazi wanavyoshiriki katika kujifunza kwa watoto wao wakiwa nyumbani. Watu waliisikia mada hiyo, wakamwona Kasujja akimtoa binti yake nje na kufunga mlango, wakacheka. Yeye hakucheka. Sura ya nne ilikuwa imerudishwa na msimamizi wake, Daktari Akello, ikiwa nyekundu kama kaburi jipya.

"Taata."

"Nini tena?"

"Kuku akinyeshewa, mayai yake yanalowa?"

Kasujja aliweka mikono kichwani. Swali lilikuwa zuri, na hilo ndilo lililomchosha zaidi.

Jioni mkewe Nabatanzi alirudi kutoka hospitalini, akaloweka miguu kwenye beseni, akamtazama mumewe, kisha akaitazama kompyuta.

"Umefika wapi?"

"Nimetoa nyoka."

Nabatanzi hakuuliza. Muuguzi wa wodi ya wazazi husikia mengi, na amejifunza kutouliza yasiyotoka damu.

"Huyu mtoto anataka mtu wa kukaa naye," alisema. "Hapo hakuna ujanja."

Msichana aliyekuwa akiwasaidia alikwenda kwao Pasaka. Baadaye alipiga simu kusema ameolewa, na kuuliza kama wangeweza kumchangia gauni.

"Tumwite mama," alisema Nabatanzi.

"Mama yako?"

"Wako yuko mbinguni, Kasujja. Atapanda gari gani?"

Kasujja alivitazama vyumba vyao viwili. Cha mbele kilikuwa sebule na jiko la siku za mvua. Cha ndani kilikuwa na kitanda, kabati na meza yake ya kusomea. Mlango wa kutokea ulikuwa mmoja, nao ulikuwa sebuleni.

"Atalala wapi?" aliuliza.

"Kwa Mama Kisakye, mlango wa tatu. Nimeshaongea naye."

"Umeshaongea naye. Na mama yako?"

"Anafika kesho."

Kwa Waganda, mwanamume na mamamkwe wake hawakutani uso kwa uso. Hawagusani, hawali sahani moja, hawalali chini ya paa moja. Anayevunja heshima hiyo, wazee husema, mikono yake hutetemeka mpaka siku ya kuzikwa. Siku hizi wapo wanaopungiana mkono kutoka ng'ambo ya barabara, na wapo hata wanaosimama kwenye picha moja harusini. Nnalongo, mama yake Nabatanzi, hakuwa wa siku hizi. Alikuwa amezaa mapacha, na jina hilo la mama wa mapacha alitembea nalo kama cheo cha jeshi. Alikuwa na wakwe watano, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuisikia sauti yake ila kanisani, akiimba.

*

Alifika na mkungu wa matooke, jogoo mmoja aliyefungwa miguu, redio, na mkeka wake mwenyewe. Kasujja aliyasikia hayo yote akiwa chumbani, maana alikuwa ameambiwa asitoke mpaka mgeni akae.

Siku ya kwanza alijaribu kukimbilia maktaba. Betri ya kompyuta yake ilikuwa imekufa, ikawa haiwaki bila waya wa umeme, na msimu ulikuwa wa mitihani. Kila tundu la umeme katika maktaba ile lilikuwa na kijana wa shahada ya kwanza aliyeketi juu yake kama kuku anayeatamia. Pale dirishani lilikuwepo moja lililo wazi. Kasujja aliweka mkoba.

"Mzee, hapo pana mtu," alisema msichana mmoja bila kuinua macho.

"Yuko wapi?"

"Anakuja na basi kutoka Mbale."

Alirudi nyumbani. Nnalongo alipougeuzia uso ukutani, Kasujja akapita, akajifungia chumbani, na toka hapo chumba kile kikawa maktaba yake na gereza lake.

Kati ya vyumba viwili palikuwa na pazia la maua, na kati ya watu wawili palikuwa na Suubi.

"Suubi," Kasujja aliita kwa sauti ya chini. "Mwambie jjajja, kwa heshima zote, kama haitamsumbua, naomba redio ipunguzwe kidogo."

Suubi alitokeza upande wa pili wa pazia, kwa bibi yake. "Jjajja, taata anasema redio yako ina kelele."

"Mwambie baba yako," ilisema sauti nzito, taratibu, "redio hii niliinunua na marehemu mume wangu, na baba yako alikuwa hajazaliwa. Mwambie inatoa habari za vifo. Nikiizima, nitajuaje nani wa kumlilia?"

Suubi alirudi. "Anasema hapana."

Kasujja alikuwa amesikia kila neno. Pazia halizuii sauti. Lakini jibu lililopita kwa mtoto ndilo jibu, na lile alilolisikia kwa masikio yake lilihesabiwa kuwa halijasemwa. Kwa hiyo akasema, "Asante," akaziba masikio kwa pamba.

Kabla ya wiki kwisha Suubi alikuwa ameijua thamani ya kazi yake. Mwanzoni alipeleka salamu bure. Kisha akataka andazi. Kisha akataka kuchora kwenye kompyuta kabla ya kila ujumbe mrefu, na ujumbe mrefu kwake ulianzia kwenye maneno matatu.

"Jjajja anakuuliza unasoma nini, mtu mwenye mke," alileta siku moja.

"Mwambie nasomea shahada ya pili."

"Anauliza ya kwanza imepotea?"

"Haijapotea. Mwambie hii inaongezea."

Suubi alikwenda, akakaa huko kidogo, akarudi. "Anauliza utamaliza lini. Na mimi nauliza. Mimi niko darasa la kwanza na nimeshafunga."

Chakula kilipita chini ya pazia kwenye sinia lililofunikwa jani la mgomba: matooke, mchuzi wa karanga, siku nyingine kipande cha samaki. Kilikuwa chakula kizuri kuliko kile alichokizoea, na kila sinia lilikuja na maoni. Anakula kidogo. Anakula haraka. Mtu anayeandika hivyo usiku na mchana angekuwa ameshaandika Biblia. Kasujja aliyapokea yote akiwa ameinama, na jani la mgomba aliliacha limekunjwa vizuri ili mpishi ajue kuwa ameshukuru.

Shida ya kweli ilikuwa choo.

Choo kilikuwa uani. Kufika uani ni kupita sebuleni, na kupita sebuleni kulikuwa na utaratibu wake. Suubi hutangaza, "Taata anapita." Nnalongo huweka chini alichoshika, huvuta shuka yake mpaka juu ya kichwa, hugeukia ukuta. Kisha husema, "Apite." Lakini Nnalongo hakuwa mtu wa kuacha ndizi nusu imemenywa. Alimaliza ndizi. Wakati mwingine alimaliza zilizobaki pia.

Jumanne ya wiki ya pili Suubi alitoroka kwenda kucheza na Kisakye. Kasujja alisimama nyuma ya pazia akiwa amebana miguu, akisikiliza. Hakukuwa na sauti ya mtoto. Kulikuwa na sauti ya mamamkwe, amelala usingizi mwepesi wa mchana, na kwa jinsi pumzi zilivyotokea chini alijua mkeka umetandikwa mlangoni, mahali penye upepo. Alitazama dirisha. Dirisha lilikuwa na nondo. Yaliyofuata yanahusu chupa ya maji ya kunywa, na si lazima yaelezwe.

"Unaendeleaje?" Nabatanzi alimuuliza jioni.

"Sura ya nne imekwisha."

"Na mama?"

"Anapika vizuri."

"Anasema wewe ni mtu mtulivu sana. Anasema wakwe wengine wanatembeatembea hovyo."

*

Alhamisi iliamka na mawingu. Jopo lilikuwa saa nne. Nabatanzi alitoka gizani kwenda zamu, akamwachia mumewe shati jeupe alilolifua usiku, limeanikwa uani, na maneno haya: "Lipige pasi. Usiende na lile la bluu, lina sura ya mtu aliyeshindwa."

Saa mbili Kasujja alikuwa mbele ya kioo amevaa suruali na fulana, akijihutubia. "Waheshimiwa wanajopo. Utafiti huu ulifanyika katika kaya mia na ishirini." Mvua ikagonga bati tone moja moja, kisha yote kwa pamoja. Akalikumbuka shati. Kabla hajaita, alisikia mlango wa mbele ukifunguliwa, ndara zikienda mbio uani, kishindo, kisha kimya.

"Taata," alisema Suubi nyuma ya pazia. "Jjajja amekaa kwenye tope, hainuki."

Kasujja alikwenda dirishani. Nnalongo alikuwa ameketi chini ya kamba ya nguo, mguu mmoja umenyooka, mwingine umepinda chini yake. Gomesi lake la kijani, vazi lake refu la heshima, lilikuwa limegeuka rangi ya udongo. Lakini mkono wake wa kulia ulikuwa juu kabisa, na kwenye mkono huo lilikuwemo shati jeupe, limekunjwa, halina tone la tope.

Alitoka akasimama kwenye kizingiti, macho kayaelekeza kwenye paa la jirani.

"Muulize jjajja kama ameumia."

"Jjajja, umeumia?"

"Mwambie baba yako arudi ndani. Nimekaa tu."

"Anasema amekaa tu."

"Kwenye mvua?"

"Jjajja, kwenye mvua?"

"Mwambie mvua haikuniuliza. Mwambie achukue shati lake, mkono unachoka."

Suubi alilipokea shati akamletea baba yake. Nnalongo alijaribu kuinuka, akatoa sauti fupi, akakaa tena. Kifundo cha mguu kilikuwa kimeanza kuvimba.

Kasujja alipita milango yote ya uani akigonga. Mama Kisakye alikuwa ameshakwenda saluni yake. Mafundi wa pikipiki walikuwa kazini. Alifunguliwa mlango mmoja tu, wa mwisho, na Mzee Ouma aliyekuwa mlinzi zamani.

"Mamamkwe wangu ameanguka. Naomba unisaidie kumwinua."

Mzee Ouma alichungulia mvua, akamchungulia Nnalongo, akampima. "Mwalimu," alisema kwa upole, "nina miaka themanini. Nikimwinua mimi, utakuta watu wawili kwenye tope. Kwani wewe una nini?"

"Ni mamamkwe wangu, mzee."

"Ah. Ninyi na mambo yenu," alisema Mzee Ouma, akamwazima mwavuli.

Saa tatu ilikuwa imekaribia. Suubi alisimama juu ya bibi yake na ule mwavuli, akimfunika kichwa na kumwacha miguu. Midomo ya Nnalongo ilikuwa inacheza kwa baridi, lakini uso wake ulikuwa umegeuzwa upande, kwa heshima ile ile, kama mtu aliyeketi sebuleni kwake.

Kasujja aliingia ndani akatoka na blanketi lao zito, lile la kitandani.

"Suubi, mwambie jjajja nataka kumfunika na blanketi."

"Mwambie sisikii baridi."

"Mwambie si kwa ajili ya baridi."

Nnalongo alilitazama blanketi kwa pembe ya jicho.

"Muulize baba yako, blanketi hilo ni zito?"

"Zito sana."

"Mtu akilibeba, kinachobebwa ni blanketi?"

"Mwambie mimi sijui kubeba kitu kingine."

"Basi afumbe macho," alisema Nnalongo. "Na wewe umwongoze."

Alijifunika mwenyewe, kichwa na yote, akajikunja humo mpaka akawa mzigo. Kasujja alifumba macho, akatangulia kwa mguu mmoja.

"Kulia, taata. Kulia. Hiyo ni ndoo. Hapo. Inama."

Alipenyeza mikono chini ya blanketi, akainua. Nnalongo alikuwa mwanamke wa kula vizuri na kulala vizuri, na mvua ilikuwa imeongeza sehemu yake. Magoti ya Kasujja yaliuliza maswali ambayo jopo lisingeyafikiria.

"Mbele. Kata kona. Ngazi, taata, ngazi."

"Mwambie baba yako asinigonge mlangoni," lilisema blanketi.

"Nimesikia," alisema Kasujja akihema.

"Hujasikia," alisema Suubi kwa ukali. "Mimi sijakwambia bado. Taata, jjajja anasema usimgonge mlangoni."

"Mwambie simgongi."

Alimshusha juu ya mkeka, akarudi nyuma hatua kadhaa akiwa bado amefumba macho, akakanyaga jogoo, akaomba radhi kwa sauti, na hakujulikana alikuwa anamwomba nani.

Alimpigia mkewe simu. Nabatanzi alisikiliza bila kukatiza.

"Ulimbeba," alisema mwishowe.

"Nilibeba blanketi."

"Kasujja."

"Na nilifumba macho."

"Nakuja na bandeji. Nitaomba ruhusa, watanitukana, nakuja. Wewe nenda. Mchukue Suubi, mama hawezi kumkimbiza na mguu huo. Na Kasujja, usimwambie mtu."

*

Kasujja alifika chuoni juu ya pikipiki akiwa na shati jeupe sana, suruali yenye tope mpaka magotini, na mtoto mwenye mwavuli wa mlinzi.

"Watoto hawaruhusiwi," alisema karani wa idara.

Daktari Akello alikuwa mlangoni. Alimtazama Suubi, akamtazama Kasujja, akaitazama suruali. "Mada yake ni wazazi na watoto," alisema. "Mwache apite. Huyu ni kielelezo."

Wanajopo walikuwa watatu: Daktari Akello, aliyetoka kaskazini, Daktari Tumwine, aliyetoka magharibi, na mwenyekiti, Profesa Mayambala, Muganda wa Masaka mwenye nywele nyeupe na sauti ya kuongoza mazishi. Suubi aliwekwa kiti cha nyuma na karatasi ya kuchorea.

Kasujja alianza vizuri. Alizitaja kaya mia na ishirini. Alionyesha jedwali ukutani, na hapo mkono wake ukaanza kutetemeka. Alibadilisha mkono. Nao ukatetemeka, pengine zaidi. Kijiti cha kuonyeshea kilirukaruka juu ya takwimu hadi ikawa haijulikani ni asilimia ngapi.

Profesa Mayambala alivua miwani. "Mwalimu Kasujja. Mikono yako ina nini?"

"Ni baridi, Profesa. Nilinyeshewa."

"Alimbeba jjajja," alisema Suubi bila kuinua uso kutoka kwenye mchoro. "Mama yake maama."

Daktari Tumwine alitoa leso akajifuta uso ambao haukuwa na jasho. Profesa Mayambala alikivuta kiti chake nyuma kidogo, polepole, kama mtu anayepisha maji.

"Kuna tatizo?" aliuliza Daktari Akello.

"Kuna tatizo kubwa, daktari, na halimo kwenye tasnifu," alisema Profesa. "Kasujja. Ulimgusa?"

"Nilibeba blanketi, Profesa."

"Ndani ya blanketi mlikuwa na nini?"

"Sikuona. Nilifumba macho."

"Na nani alikuwa anaona?"

Suubi aliinua mkono.

"Blanketi lilifunika mpaka wapi?" Profesa alimuuliza.

"Mpaka mwisho. Hata miguu. Halafu jjajja akasema asigongwe mlangoni, nikamwambia taata."

"Alikuambia wewe? Hakumwambia yeye?"

"Anaongea na mimi tu," alisema Suubi. "Ndiyo kazi yangu."

Profesa alivaa miwani tena. Alifikiri kwa muda mrefu kuliko alivyofikiri juu ya sura yoyote ile asubuhi hiyo. "Nadhani," alisema hatimaye, "hapo mila ilifuatwa. Utampelekea kitambaa cha gomesi cha kuomba radhi, hilo halina mjadala. Mikono hiyo ni uzito tu." Kiti kikarudi mahali pake. "Sasa tuingie kwenye sura ya nne. Unasema hapa kwamba katika kaya arobaini na moja, wakati wa likizo, hakuna mzazi anayeshiriki. Hakuna kabisa. Ulijuaje?"

"Niliwauliza, Profesa. Baba ana saa ngapi na mtoto, mama ana saa ngapi. Waliojibu sifuri kwa wote wawili niliwaandika hivyo."

"Wewe mwenyewe, wiki hizi mbili, ungejibu nini?"

Kasujja alifungua mdomo. Alikuwa na jibu la kitabuni, lenye majina ya wataalamu na miaka kwenye mabano, nalo lilikuwa limefika kwenye ulimi. Aliangalia nyuma. Suubi alikuwa anachora kitu kirefu chenye miguu miwili kikibeba kitu cha mviringo.

"Sifuri," alisema.

"Na mama yake?"

"Yuko wodini toka alfajiri. Karibu na sifuri."

"Kwa hiyo mtoto huyu hakuwa na mtu."

"Alikuwa na bibi yake, Profesa." Aligeukia jedwali lililokuwa ukutani. "Karatasi yangu ya maswali haina nafasi ya bibi. Zile kaya arobaini na moja, sikuuliza ni nani mwingine alikuwa nyumbani. Nimeandika hakuna mtu. Nadhani mtu alikuwepo."

Daktari Akello aliandika neno moja pembeni ya ukurasa, safari hii kwa penseli.

Walimtoa nje wakajadiliana. Alisimama ukumbini na Suubi, aliyetaka kujua kama sasa taata naye amefunga shule. Walipomwita ndani, Profesa Mayambala alisema amepita, kwa sharti. Arudi kwenye zile kaya arobaini na moja, awaulize mabibi, aiandike upya sura ya nne, na alete ndani ya mwezi mmoja. Asipoleta, kupita kwake ni sawa na kutopita.

"Na hicho kitambaa," alisema Profesa, "usilete hapa. Peleka kwa mwenyewe."

*

Alirudi nyumbani jioni, mvua imekatika, Suubi amelala begani mwake na mwavuli bado mkononi. Nabatanzi alikuwa amemfunga mama yake mguu, amempikia uji, kisha amerudi wodini kumalizia zamu aliyoikatisha. Mama Kisakye alikuwa hajarudi. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, na kupitia humo ulionekana mguu mmoja wenye bandeji juu ya mkeka. Kasujja aligeukia barabara haraka.

Alisimama ukutani, kando ya mlango, akangoja mtu atokee wa kupeleka ujumbe. Hakutokea mtu. Mtoto alipumua shingoni mwake. Jogoo alipita akamtazama vibaya.

Redio ilizimwa.

"Suubi amerudi?" iliuliza sauti ndani. Haikumwuliza mtu yeyote kwa jina.

"Amelala, Nnalongo," Kasujja aliuambia ukuta.

Aliona kuwa ameshaharibu, na akaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi.

"Wamekupitisha?" iliuliza sauti.

"Wamenipitisha. Kuna mahali pa kurekebisha. Nimepewa mwezi."

"Wapi?"

"Niliacha kuwauliza mabibi."

Ndani mkeka ulilia kidogo, kama mtu anayekaa vizuri. "Uliandika habari za watoto likizoni, ukawaacha mabibi."

"Niliwaacha."

"Miaka miwili."

"Na nyongeza mbili."

"Kaa hapo hapo nje," alisema Nnalongo. "Usisogee. Geukia barabara. Uliza."

Kasujja hakuwa na karatasi. Alimsogeza Suubi bega la pili, akazikumbuka karatasi zake za maswali. "Wakati wa likizo," alisema, "wewe kama bibi unakaa na mtoto saa ngapi kwa siku?"

"Zote. Andika."

"Nitaandika. Swali la pili." Alisita, kwa sababu aliona ni lipi, na hakuwa na lingine la kuweka mahali pake. "Baba wa mtoto, kwa jinsi ulivyoona mwenyewe, anashiriki vipi?"

Mkeka ulilia tena, Nnalongo akigeukia ukuta.

"Hilo," alisema, "mwamshe mtoto. Hilo siwezi kumwambia mkwe wangu mwenyewe."